Shajara ya mradi: kubadilisha feni zinazonguruma kwenye kadi ya grafiki

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wanaohariri video na vijana wa gemu hapa Dar. Feni ya kadi ya grafiki, kipande cha kompyuta kinachoshughulikia picha na video, ikianza kelele, jibu wanalopewa ni lilelile: kadi imekwisha, nunua nyingine. Yangu ni GTX 1060 ya GB 6, ya feni mbili, chipu ambayo NVIDIA waliitoa mwaka 2016. Inanitosha kabisa kwa kuhariri na kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi, sendofu na kicheni pati. Ya mtumba ya daraja hilohilo niliulizia Kariakoo, bei ilikuwa shilingi 280,000, na hujui imeteswa kiasi gani kabla yako. Chipu yangu ni nzima. Kilichochoka ni kipande cha plastiki chenye sumaku na koili, na kipande hicho kinabadilishika. Nitajaza hatua kadiri zinavyokamilika, pamoja na gharama.

18 Januari 2025: Kuitafuta sauti

Mwanzoni mngurumo ulisikika pale feni zinapoanza kuzunguka tu, halafu unapotea. Sasa haupotei. Nikianza kurenda, utadhani kuna mashine ya kusaga nyuma ya ukuta.

Kabla ya kushika bisibisi lazima uwe na hakika kwamba ni feni, kwa sababu kadi hutoa sauti za aina tofauti na kila moja ina dawa yake. Kuna mlio mwembamba wa koili za umeme kwenye kadi, unaopanda na kushuka kulingana na kazi ambayo chipu inafanya. Huo hauponi hata ukiweka feni ya dhahabu. Kuna tiki-tiki ya panga la feni linalogusa waya au kava. Na kuna mkwaruzo mzito wa bushi, kipande ambacho ndani yake shafti ya feni huzunguka. Kuzitenganisha, fungua MSI Afterburner, programu ya kuendesha kadi na feni zake, wakati kompyuta haina kazi nzito, zima mwendo wa feni wa kiotomatiki, weka asilimia 40, kisha 60, kisha 80. Sauti ikifuata namba hizo, ni feni. Yangu ilifuata, na kwenye 60 kasha zima lilitetemeka.

Kati ya feni mbili ni ipi? Nilifungua ubavu wa kasha nikagusa kitovu cha kila feni kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka isimame kwa muda mfupi. Gusa kitovu, usiguse mapanga. Nilipoisimamisha ya kulia, kelele iliendelea. Nilipogusa ya kushoto, kimya.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo naomba kila mwenye kadi ya feni mbili alijue. Feni ya kushoto ilikuwa ikizunguka kwa kusuasua, kwa macho tu unaona mapanga yake, lakini GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, ilikuwa inasoma mizunguko 1,900 kwa dakika bila wasiwasi wowote. Kwenye kadi hii feni zote mbili zinachomekwa kwenye soketi moja, na ni feni moja tu inayorudisha hesabu ya mizunguko. Nyingine inaweza kusimama kabisa na programu isiseme lolote. Kama joto la kadi yako limepanda na namba za feni zinaonekana nzuri, fungua kasha uangalie kwa macho.

Joto lenyewe: chumba kilikuwa na nyuzi 31, kadi ikafika 83 na kuganda hapo. Si bahati. Chipu hizi zimepangwa kulenga nyuzi 83, na zikifika hapo hupunguza mwendo ili zisipite. Wangu ulishuka kutoka karibu 1,850 MHz hadi chini ya 1,650. Kumbe ile kurenda iliyokuwa inachelewa tangu Desemba haikutokana na programu.

19 Januari: Kufungua, kusafisha, kupima

Kufungua ni kazi ya kawaida: zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha, kisha toa kadi. Kava la plastiki lenye feni linashikwa na skrubu ndogo ubavuni. Likitoka, hitisinki, yale mapezi ya alumini, inabaki imekaa juu ya chipu yake bila kuguswa. Kabla hujalivuta kava chomoa plagi ya feni kwanza, kwa kuwa waya zake ni fupi na soketi yake ni laini.

Vumbi la Sinza, hapa Dar, lina mchanga mwembamba wa barabara za mitaani na nyuzi za nguo, na unyevu wa pwani huligandisha. Kati ya mapezi lilikuwa limeshikana kama zulia, halitoki kwa kupuliza kwa mdomo. Niliazima blowa kwa jirani wa saluni na brashi ya rangi ya inchi moja. Ukipuliza, zishike feni zisizunguke. Hewa ya blowa huzizungusha kwa kasi kuliko zilivyoundwa, bushi inaumia, na mota ya feni hugeuka jenereta inayorudisha umeme. Mabaki ya mafuta na uchafu niliyafuta kwa spiriti ya isopropili, shilingi 6,000.

Baada ya kusafisha kadi ilitulia kwenye nyuzi 80. Kelele haikupungua.

Sasa vipimo, na hapa ndipo mradi wote unapoamuliwa. Nyuma ya feni kuna karatasi yenye namba ya modeli na maandishi ya umeme: kwangu ni DC 12V, 0.40A. Kisha nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita:

Kipenyo cha mapanga, 87 mm. Umbali kutoka tundu moja la skrubu hadi jingine (yako matatu, kwa umbo la pembetatu), 42 mm. Plagi, pini nne ndogo zenye nafasi ya 2 mm kati yake, tofauti na plagi ya feni za kasha ambayo nafasi yake ni 2.54 mm. Urefu wa feni kutoka sehemu inapokaa hadi juu ya kitovu nao niliupima, na baadaye ulinisaidia.

Nilitikisa kitovu cha kila feni kwa vidole. Ya kulia ina uwazi mdogo sana, husikii kitu. Ya kushoto inayumba kabisa upande kwa upande, panga likikaribia ukingo wa kava.

22 Januari: Mafuta

Ushauri wa kwanza utakaopewa popote ni kutia mafuta, na kwa feni iliyokauka tu ni ushauri mzuri. Feni nyingi za kadi zina bushi, kipande cha shaba ya unga ulioshindiliwa, chenye vitundu visivyoonekana vinavyofyonza mafuta. Shafti huelea juu ya utando wa mafuta hayo. Joto la chipu linayakausha, vumbi linayanyonya, na kadi ikiwa imelala ndani ya kasha la kusimama, feni hutazama chini, rota (sehemu inayozunguka yenye mapanga) inaning'inia na mafuta yanatafuta njia ya kutoka.

Nilibandua karatasi ya nyuma ya feni ya kushoto. Haikuwa na kizibo wala tundu la kutilia mafuta, plastiki tupu. Ilibidi nivute rota kutokea mbele, kwa kushika mapanga pande mbili zinazotazamana karibu kabisa na kitovu na kuvuta kwa nguvu sawa. Feni nyingine hazikubali na zinavunjika. Hii ilikubali. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka ulimbo mweusi. Nikasafisha shafti na tundu kwa spiriti na pamba ya masikioni, nikaacha ikauke, nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Chupa nilinunua kwa shilingi 2,000 na itakaa na wewe miaka.

Msitumie mafuta ya kupikia. Yanalainisha siku za kwanza, kisha yanaganda na kunata. WD-40 ya kawaida nayo ni nzuri kwa kulegeza skrubu iliyoshika kutu, ila utando wake ni mwepesi mno kwa bushi inayokaa kwenye joto la kadi.

Feni ilirudi kimya. Kadi ikashuka hadi nyuzi 71 chini ya kazi nzito. Nikarenda sendofu nzima usiku, mlango wazi, na mke wangu hakuamka.

25 Januari: Feni ya kadi mbovu

Sikutaka kutegemea mafuta peke yake, kwa hiyo nilikwenda Kariakoo kutafuta feni ya akiba. Maduka yanayouza feni mpya ya GPU (kadi ya grafiki) peke yake sikuyapata. Wanachouza ni kadi nzima. Lakini mafundi wana kadi zilizokufa, na kwa mmoja wao nilipata feni yenye kipenyo kilekile, plagi ileile, inazunguka vizuri. Shilingi 15,000 baada ya kuzungumza.

Nyumbani haikukaa. Kipenyo ni 87, matundu yake yako umbali wa 39 mm. Tofauti ni milimita 3 tu, na kava lina vinundu vya plastiki vinavyoingia kwenye matundu, kwa hiyo huwezi hata kuisogeza. Nilifikiria kuvikata vinundu na kuigundisha feni kwa gundi. Nikaacha. Gundi ikilegea kwa joto, mapanga yanaingia kwenye mapezi ya hitisinki yakiwa kwenye mizunguko elfu mbili.

Ukienda kutafuta feni ya aina hii, nenda na kava lako au na kalipa. Muuzaji atakupimia mapanga, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Wewe pima matundu.

28 Januari: Kelele imerudi, agizo limetoka

Mngurumo umerudi, tena mzito kuliko ule wa mwanzo. Nilifungua, mafuta bado yapo. Nikaipeleka feni kwa mzee mmoja anayetengeneza feni za mezani na pangaboi Kariakoo, si mtu wa kompyuta, lakini bushi anazijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta feni ya nani, ya mtoto?"

Aliishika, akaitikisa mara moja, akachungulia tundu la bushi kwenye mwanga. "Hii imelika. Tundu limekuwa yai. Ukitia mafuta yanajaa pale penye nafasi, yakipata moto yanakuwa maji, shafti inarudi kugonga palepale."

Nikamuuliza kama bushi yake inachongeka. Akasema za pangaboi anachonga, ya shafti nyembamba hivi hana kifaa, na hata angekuwa nacho asingeweza kuifanya ikae katikati sawasawa. Hakunitoza kitu. Maelezo yake ndiyo kipimo ninachowapa: kama kitovu kinayumba upande kwa upande, mafuta ni ya kukuvusha wiki tu. Kama hakiyumbi na kelele ipo, safisha, tia mafuta, na huenda usihitaji kuendelea kusoma.

Jioni niliagiza feni mpya kutoka China, mbili kwa pamoja, shilingi 31,000. Mbili kwa sababu ya kulia ina umri uleule, na kwa sababu feni mpya na ya zamani zikipewa amri moja hazizunguki kwa mwendo mmoja. Nilichagua za gololi badala ya bushi. Tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Gololi zina mvumo kidogo unaosikika ukiweka sikio karibu, lakini zinavumilia joto na kuning'inia kichwa chini. Maelezo ya muuzaji husema ni aina gani. Maelezo yasipokuwa na umbali wa matundu ulioandikwa kwa milimita, muulize kwanza, au mpe picha ya karatasi ya nyuma.

Tatizo ni tarehe. Kesho, 29 Januari, ni mwaka mpya wa Kichina, na mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atakwambia maana yake: viwanda vinafungwa, wauzaji wanarudi vijijini, mzigo unalala.

1 Februari: Feni za muda

Kusubiri siwezi. Shaaban imeingia, na mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zote zinaanza mwanzoni mwa Machi, karibu pamoja. Kila anayetaka kuoa, awe Mwislamu au Mkristo, anawahi Februari. Kazi zimepangana.

Nimetoa kava lote pamoja na feni zake, nimeweka feni mbili za kasha za 92 mm moja kwa moja juu ya hitisinki, zikipuliza kuelekea kwenye mapezi, na kuzifunga kwa tai za plastiki zinazopita kati ya mabomba ya shaba. Feni shilingi 12,000 kila moja, tai 2,000, waya wa kugawa plagi moja kuwa mbili 5,000. Hakikisha ncha za tai zimekatwa fupi na hazifiki kwenye mapanga, na kwamba hakuna tai inayobana vifaa vilivyo juu ya kadi.

Feni hizi haziingii kwenye soketi ndogo ya kadi. Zinachomekwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, na mazabodi huendesha feni kwa joto la prosesa, haijui habari za kadi. Kwa mtu anayerenda kwa GPU hili ni jambo la hatari: prosesa inapumzika, feni zinalala, kadi inachemka. Programu ya bure iitwayo Fan Control inatatua. Inasoma joto la kadi na kuendesha feni za mazabodi kwa joto hilo. Angalia pia kwamba feni zako mbili kwa pamoja hazivuki uwezo wa soketi ya mazabodi, ambao kwa kawaida ni ampea 1. Zangu kwa jumla ni 0.30.

Matokeo: nyuzi 67 chumba kikiwa na 32. Ni bora kuliko kadi ilivyokuwa mpya, na kimya. Nasema wazi kwamba mwenye kasha lenye nafasi anaweza kuishia hapa na asiagize kitu. Mimi siwezi. Feni hizi zina unene wa 25 mm, na zimefunika nafasi ya kadi ya kunasa video ninayotumia kuhamisha kanda za VHS za familia kwenda kwenye kompyuta. Kazi ya kanda imesimama mpaka kava lirudi.

24 Februari: Feni zimefika, waya hazifanani

Muuzaji alituma baada ya sikukuu. Mzigo wangu niliuchanganya na wa jirani anayeagiza vioo vya simu, wakala akausafirisha kwa ndege kutoka Guangzhou, sehemu yangu ikawa shilingi 10,000.

Matundu 42 mm. Kipenyo 87. Plagi inaingia kwa ulaini. Nilikuwa nimeshaishika kuichomeka nilipoona rangi: kwenye feni za zamani waya mweusi uko pembeni kabisa, kwenye mpya uko wa pili.

Rangi peke yake si ushahidi. Viwanda hupaka vitakavyo. Kwa hiyo nilibandua ukingo wa karatasi ya nyuma kwenye feni ya zamani na kwenye mpya. Chini yake kuna kibao kidogo, na pale waya zinapochomelewa pameandikwa alama za chanya na hasi. Nikafuata waya kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, kutoka kwenye alama hadi kwenye plagi. Kisha, kadi ikiwa nje na haina umeme, nikaweka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye bamba la chuma la kadi, nyingine nikaigusisha kwenye pini za soketi moja moja: pini inayolia ni hasi. Jibu likawa wazi. Kadi inataka hasi, 12V, hesabu ya mizunguko, amri ya mwendo. Plagi mpya ina 12V, hasi, halafu mbili za mwisho sawa. Ningewasha hivyo, umeme ungeingia kinyume, na feni mpya au sehemu ya kadi inayoilisha feni ingeungua pale pale.

Huhitaji solda kurekebisha. Kila pini ndani ya plagi inashikwa na kiulimi cha chuma kinachoonekana kwenye kidirisha kidogo cha plastiki. Kibonyeze kwa ncha ya sindano huku ukivuta waya wake polepole, utatoka mzima na pini yake. Nilitoa mbili, nikainua viulimi kidogo kwa sindano ili vishike tena, nikazibadilishia vyumba, nikasukuma mpaka nikasikia "tik". Kisha vuta kila waya kidogo kuhakikisha haurudi. Pima tena kwa multimita kabla ya kuchomeka.

Hatua hii haina gharama ya pesa. Ndiyo ambayo mtu akiiruka anaweza kupoteza kadi aliyokuwa anaiokoa.

25 Februari: Kufunga, na tiki-tiki

Feni zinakaa juu ya mikono mitatu ya kava, skrubu zinaingia kutokea upande wa hitisinki. Kufunga kulikwenda haraka. Pasta ya chipu, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi hitisinki, sikuigusa. Ikiwa kadi ilikuwa inapoa kwenye nyuzi 67 kwa feni za muda, pasta na vile vipande laini vya kupitishia joto kwenye memori vinafanya kazi yao. Kung'oa hitisinki ambayo haina kosa ni kujitafutia vipande vilivyochanika na unene usiolingana.

Niliwasha. Zote mbili zinazunguka, GPU-Z inasoma mizunguko, hakuna mngurumo. Ila kuanzia asilimia 50 kwenda juu kuna tiki-tiki-tiki upande wa kulia.

Hapa urefu nilioupima tarehe 19 ulifanya kazi. Kitako cha feni mpya ni kifupi kwa kama robo tatu ya milimita. Mapanga yamesogea karibu na mikono ya kava, na mahali waya unapopita juu ya mkono, panga linaugusa likipinda kwa kasi. Dawa ni washa nyembamba chini ya kitako. Za chuma nilizonazo zina unene wa milimita moja na pana mno. Kilichofaa ni ile kadi ya plastiki inayobaki ukibandua laini ya simu. Unene wake ni 0.76 mm na kila nyumba ya Dar inayo droo moja imejaa. Nikakata vipande vidogo vya mviringo, nikatoboa kwa sindano ya moto, kimoja kwa kila tundu la feni zote mbili. Skrubu bado zinashika vizuri. Waya nikaulaza ubavuni mwa mkono badala ya juu yake, nikaubana na tai iliyobaki.

Tiki-tiki imekwisha mpaka asilimia 100.

27 Februari: Kuwaka na kuzima

Kadi hii, kama nyingi za rika lake, husimamisha feni joto likiwa chini. Feni mpya zina nguvu hata kwenye mwendo wa chini, na hilo limeleta jambo jipya: nikiwa nahariri bila kurenda, kadi inafika kiwango cha kuwasha, feni zinaanza, ndani ya muda mfupi zimeishusha, zinazima, joto linapanda, zinaanza tena. Usiku mzima.

Kwa feni za gololi si madhara makubwa. Kwa mwenye feni za bushi ni jambo la kuzingatia, kwa sababu utando wa mafuta hujengeka shafti ikizunguka, na kila feni inapoanza kuzunguka ndipo chuma kinapogusana na chuma.

Kwenye Afterburner nimechora mstari wangu wa feni: asilimia 30 mpaka nyuzi 50, kisha unapanda taratibu hadi 70 kwenye nyuzi 75. Pia kuna kiasi cha kuchelewesha feni kupungua joto likishuka, nimeweka nyuzi 5, ili feni zisifuate kila mtikisiko. Kwenye asilimia 30 sizisikii kabisa. Lazima programu ianze pamoja na Windows, la sivyo kadi inarudi kwenye mpango wake wa kiwandani.

Nimerenda harusi ya mwisho ya msimu kwa mpangilio huu. Nyuzi 69, chumba 32, mwendo wa chipu haukushuka.

22 Machi: Hali ya sasa na hesabu

Hakuna sauti mpya. Nimefungua ubavu na kuzitazama feni zote mbili kwa macho, si kwa programu, na zinakwenda sawa. Kadi ya kunasa video imerudi kwenye nafasi yake na kanda za VHS zinaendelea.

Gharama yote, pamoja na vilivyoshindikana, ni shilingi 95,000. Kati ya hizo, feni ya kadi mbovu (15,000) haikunipa kitu. Feni za muda na vifaa vyake (31,000) zilinivusha msimu na sasa ziko mbele ya kasha zikileta hewa. Mafuta ni 2,000. Anayeanza leo, akipima matundu kwanza na asipobanwa na tarehe, atahitaji feni, usafiri na spiriti tu: kwa bei nilizolipa mimi, 47,000.

Feni ya zamani ya kulia nimeihifadhi na plagi yake, ni nzima na inafaa kwa kava lenye matundu ya 42 mm. Kilichobaki ni wavu wa kuzuia vumbi mbele ya kasha. Nimejaribu kitambaa cha neti ya dirishani, kikapandisha joto kwa nyuzi 4, kizito mno. Nikipata ulio mwepesi zaidi nitaandika hapa unene wake na joto lake.